Udongo kwanza: namna ya kulima mboga nyumbani juu ya mawe ya Goma



Katika kutembelea jamaa za washirika, swali moja linarudi mara nyingi: «Pasta, tutalima wapi? Parsele yetu ni mawe matupu.» Swali hilo ni la haki. Sehemu kubwa ya mji wa Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena hadi upande wa Buhene. Watu wamejenga upya, lakini ukipiga jembe chini linalia kama nyundo juu ya chuma. Tena ziko jamaa zisizo hata na parsele: zinapanga chumba kimoja cha mbao, au zimepokelewa na ndugu kwa sababu ya vita.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: mkulima wa mjini hatangulizi mbegu, anatanguliza udongo. Anayeweza kupata au kutengeneza ndoo saba za udongo mzuri anaweza kuvuna mboga, hata kama chini ya miguu yake kuna lava tupu. Mengine yote katika makala hii ni maelezo ya neno hilo moja.

Kwa nini tuhangaike na mboga?

Mboga nyingi tunazokula Goma zinatoka nje ya mji: Masisi, Rutshuru, Minova, kisiwa cha Idjwi. Barabara ikifungwa, soko linasikia mara moja. Mapema mwaka 2024, mapigano yalipokata barabara ya Sake, vyakula vya Masisi na Minova vilifika kwa shida. Siku kama hizo, mama mwenye franka chache anatafuta kwanza unga wa bugali, na kitu cha kwanza kinachokatwa ni mboga. Tumbo la mtoto linajaa, lakini mwili wake unakosa.

Majani ya kijani yana vitamini A inayolinda macho, na madini ya chuma yanayosaidia damu. Mtoto aliyekosa vitamini A kwa muda mrefu anaanza kwa kushindwa kuona vizuri jua linapokuchwa. Akiachwa hivyo anaweza kupofuka kabisa. Ndiyo maana fungu moja la lengalenga siyo jambo dogo katika nyumba yenye watoto.

Tuseme ukweli pia: bustani ya magunia haiwezi kulisha jamaa nzima. Haitatoa bugali, wala maharagi ya mwaka. Inatoa kile kinachowekwa kando ya bugali. Na mtoto aliyevimba miguu au aliyekonda sana asingojee mboga ziote. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wengine wanaona kwamba kupanda mahali pa kupita ni kupoteza nguvu. Someni Yeremia 29. Barua ile ya nabii haikuandikiwa wenye mashamba. Iliandikiwa watu waliohamishwa mbali na kwao, wasiojua watarudi lini. Hao ndio walioambiwa wapande bustani na kula matunda yake. Kupanda mahali ulipo hakumaanishi kwamba umesahau kwenu.

Lava ile ile, lakini siyo umri ule ule

Watu wanashangaa: udongo wa Rutshuru na Masisi, unaotoa maharagi na viazi kwa wingi, umetoka pia katika volkano. Mbona wetu hautoi? Tofauti ni muda. Lava inapopoa ni jiwe. Kwanza inashikwa na ukoga wa kijivu, halafu majani madogo yanaota katika nyufa, yanakufa, yanaoza, vumbi linajikusanya, mvua inamega jiwe kidogo kidogo. Baada ya vizazi vingi panakuwa na udongo mweusi, laini, wenye chakula kingi cha mimea.

Sisi hatuna vizazi vya kungoja. Tunachoweza ni kufanya kwa miezi mitatu, ndani ya gunia, kazi ambayo mlima unaifanya kwa miaka mingi: kukusanya vitu vilivyokufa, kuvioza, na kuvichanganya na udongo. Katika Luka 13 yuko mtunza shamba ambaye mti wake haukuzaa. Hakuulaumu mti. Aliomba mwaka mmoja zaidi, achimbe kuuzunguka na kuutilia mbolea. Mtu yule alijua kazi yake: alianza na udongo.

Kutengeneza mbolea ya takataka

Kila jiko linatoa mali tunayoitupa: maganda ya ndizi na viazi, majani ya nje ya shu, maganda ya maharagi, masalio ya mboga. Kando ya masoko yetu, kama Virunga na Kituku, takataka za namna hiyo hazikosi.

Kwa kuwa hatuwezi kuchimba shimo, tunafanya rundo juu ya mawe. Tafuta pembe yenye kivuli, ipimwe mita moja kwa mita moja, izungushiwe mawe au mbao za zamani. Chini weka vijiti ili hewa ipite. Halafu panga kwa tabaka: tabaka la vitu vikavu (majani makavu, vumbi la mbao kidogo, karatasi isiyo na plastiki), tabaka la vitu vibichi vya jikoni, na tabaka jembamba la mbolea ya mnyama au udongo. Mwagia maji kidogo. Rudia hadi rundo lifike kiunoni, na ulifunike kwa majani ya migomba au gunia la zamani ili mvua isilioshe na jua lisilikaushe.

Kila majuma mawili ligeuze, ya nje yaingie ndani. Rundo zuri linapata joto ndani yake. Likinuka vibaya, lina maji mengi: ongeza vitu vikavu na uligeuze. Likikaa bila kubadilika, limekauka: liongeze maji. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa limepungua sana, limekuwa jeusi, lanuka kama udongo wa msituni, na huwezi tena kutambua ganda la ndizi. Hapo mbolea iko tayari.

Usitie ndani nyama, mifupa wala mafuta, kwa sababu vinaita panya. Usitie mapile ya redio, vioo, plastiki, wala nepi za watoto. Mbolea ya kuku ni kali. Ikiwekwa mbichi inaunguza mizizi, basi ioze kwanza ndani ya rundo. Mbolea ya mbuzi, sungura na kobayi ni nzuri, na wanyama hao wadogo wanafugwa hata katika parsele finyu. Mavi ya watu yasitumike kamwe: mji wetu umeteseka na kolera vya kutosha.

Udongo wenyewe utapatikana wapi? Uliza mahali ambapo lava haikufika, au kwa mtu anayechimba msingi wa nyumba. Usiuchukue kando ya garaji ambako mafuta ya magari yamemwagika, wala karibu na choo, wala katika shamba la mwingine bila ruhusa yake.

Gunia: shamba linalosimama

Njia hii siyo ya Goma peke yake. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, jamaa nyingi za Kibera mjini Nairobi, penye watu wengi na ardhi kidogo, zilianza kulima mboga katika magunia. Hapa kwetu njia hii inafaa zaidi kwa sababu moja: mawe ya lava yanayotuzuia kuchimba ndiyo yanayohitajika ndani ya gunia.

Chukua gunia la kilo 100 lililobeba chakula: mchele, mahindi au unga. La simenti au la dawa za kilimo liache. Likijazwa lina upana wa nusu mita hivi, na ukilijaza hadi sentimita 80 linahitaji ndoo saba za lita 20. Mchanganyiko ni huu: ndoo nne za udongo, ndoo mbili za mbolea iliyooza, ndoo moja ya mchanga wa lava. Changanya vizuri chini kabla ya kujaza.

1. Chagua mahali panapopata jua angalau nusu ya siku. Panga mawe ya bapa ili gunia lisikae majini. Chagua vizuri tangu mwanzo, kwa sababu gunia lililojaa na kulowa linapita kilo 150 na halitahama tena.

2. Kunja kingo za gunia hadi karibu na chini. Tafuta kopo la mafuta lililotolewa kitako, lenye upana wa sentimita 15 hivi. Lisimamishe katikati, ulijaze mawe madogo ya lava, kisha ujaze udongo kulizunguka. Vuta kopo juu: mawe yanabaki. Lijaze tena mawe, zungushia udongo, vuta. Endelea hivyo hadi juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo bomba la maji: ukimwaga maji katikati, yanashuka na kugawanyika hadi chini. Bila nguzo, maji yanabaki juu na mimea ya chini inakufa kwa kiu.

3. Mwagia maji hadi udongo ushuke na kutulia. Acha siku tatu, halafu ongeza udongo palipopungua.

4. Kwa kisu, kata matundu madogo pembeni, yanayoingia vidole viwili au vitatu. Acha sentimita 20 za chini bila tundu. Kati ya tundu na tundu acha sentimita 20, na mstari wa juu usikae sawa na wa chini yake bali upishane nao. Mistari mitatu yenye matundu manane ni mimea 24. Juu panaingia mimea mingine sita. Hivyo unapata mimea 30 mahali pa kuweka kiti kimoja.

5. Panda jioni, jua likiwa limepungua. Mche uwe na majani matatu au manne ya kweli. Ingiza mizizi yote bila kuikunja, bonyeza udongo kwa kidole, mwagia maji polepole.

Gunia la plastiki linaharibiwa na jua. Baada ya mwaka mmoja au miwili linaanza kupasuka. Udongo hautupwi: unaongezwa mbolea mpya na kuingia katika gunia jipya.

Kwa anayepanga nyumba, au anayejua kwamba atahama, gunia kubwa siyo dawa. Huyo atumie magunia madogo ya kilo 25, ndoo zilizopasuka, basini za zamani, bidoni zilizokatwa. Chini patobolewe matundu na kuwekwa mawe madogo. Bidoni iliyobeba mafuta ya gari au asidi ya betri isitumike. Ndoo ya lita 20 inatosha nyanya moja, au shu moja, au miche mitano ya lengalenga, na mtu mmoja anaweza kuibeba.

Nini kipandwe?

Anza na lengalenga. Ni mboga ya mtu mwenye haraka. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, zifunike kwa udongo mwembamba sana, na uzimwagie maji kama mvua nyepesi. Zinaota ndani ya juma moja. Juma la tatu ng'oa iliyosongamana: hiyo yenyewe ni chakula. Baada ya mwezi mmoja au mmoja na nusu kata shina, ukiacha urefu wa kiganja. Litatoa matawi mapya, na utakata tena kila majuma mawili hivi. Likionyesha maua, yavunje mapema, kwa sababu mmea ukianza kuzaa mbegu majani yanakuwa magumu.

Usipande magunia yote siku moja. Panda la kwanza leo, la pili baada ya majuma mawili, la tatu baada ya mengine mawili. Ukipanda yote pamoja, utakula mboga kila siku kwa majuma mawili, halafu utarudi sokoni.

Matembele yanafuata. Hayahitaji mbegu: kata mshipa wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, zika nusu yake katika udongo uliolowa, na baada ya mwezi mmoja na nusu hivi anza kuchuma ncha. Yanavumilia jua kuliko mboga nyingine nyingi.

Spinachi inafaa pembeni mwa gunia. Unachuma majani ya nje na kuacha moyo. Puaro, seleri na vitunguu vya majani vinakaa vizuri juu, vinatia mchuzi ladha, na havihitaji nafasi kubwa. Shu inataka miezi mitatu na subira. Nyanya inataka jua jingi, kijiti cha kuegemea, na mahali ambapo mvua haiipigi moja kwa moja. Sombe ni mti. Upandwe mpakani mwa parsele kama kuna udongo, na siyo ndani ya gunia.

Jikoni kumbuka mambo mawili. Osha majani kwa maji safi, na yale yanayoliwa bila kupikwa yaoshwe kwa uangalifu zaidi. Tena weka mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A inaingia mwilini pamoja na mafuta. Na mafuta ya mawese mekundu yanaongeza ya kwake. Lengalenga lisichemshwe hadi lipoteze rangi. Dakika chache zinatosha. Sombe ni tofauti: lina sumu ya asili, na ndiyo maana mama zetu wanalitwanga na kulipika muda mrefu. Wako sawa, msifupishe kazi hiyo.

Maji ni mzigo, yatumike kwa akili

Wanaochota ziwani au kwenye bomba la mtaa wanajua uzito wa bidoni ya lita 20. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, gunia kubwa linaweza kuomba lita 5 hadi 10 kwa siku, kufuatana na jua. Jamaa nyingi hazitaweza kama ni maji ya kununua. Basi yatumike maji ambayo yamekwisha kufanya kazi moja: ya kuosha mchele, ya kuosha mboga, ya mwisho ya kusuuza nguo. Maji yenye sabuni nyingi au javeli yasiingie bustanini.

Mwagia asubuhi mapema au jioni, katikati kwenye nguzo ya mawe, siyo juu ya majani. Funika uso wa udongo kwa majani makavu. Jua halitanyonya maji haraka.

Maji ya ziwa Kivu yana chumvi kidogo na uchungu wa magadi. Mimea mingi inayavumilia, lakini ukiyatumia kila siku chumvi inajikusanya ndani ya gunia. Kila unapopata maji ya mvua, mwagia mengi hadi yatoke chini, ili yaioshe.

Vilevile kwa majivu ya babula. Yana chakula cha mmea na yanapunguza ukali wa udongo, lakini yakizidi yanauharibu. Kiganja kimoja kwa gunia, mara moja kwa mwezi, kinatosha. Na anayemwagilia kwa maji ya ziwa apunguze zaidi. Majivu ya moto uliochomewa plastiki yatupwe.

Tunaishi pia chini ya mlima unaotoa moshi. Siku moshi wa Nyiragongo unapoteremka pamoja na mvua, hasa upande wa magharibi unakopelekwa na upepo, matone yanakuwa na asidi; majani yanapata madoa ya kahawia kana kwamba yameungua. Ukiona hivyo, mwagia mimea maji safi kuosha majani, na ondoa yaliyoharibika. Moshi huo unabeba pia floridi, inayoharibu meno ya watoto wanaokunywa maji hayo kwa muda mrefu, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo maji ya mvua ya siku za moshi yasiwe ya kunywa.

Wadudu na magonjwa

Ukiona majani yamejikunja, geuza jani. Mara nyingi utakuta vijidudu vidogo vya kijani au vyeusi vimejaa chini. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja, kikanyunyizwa jioni chini ya majani, kinatosha. Rudia baada ya siku nne, halafu osha kabla ya kuchuma. Viwavi vinaokotwa kwa mkono asubuhi. Kazi hiyo watoto wanaipenda.

Nyanya ina adui mkubwa, mildiu: madoa meusi yanayoenea kwa siku chache wakati wa mvua na baridi. Kinga yake ni kuacha nafasi kati ya mimea, kutomwagia majani, na kuweka ndoo chini ya ukingo wa paa. Mmea ulioshikwa sana ung'olewe na kutupwa mbali, usiingie katika rundo la mbolea. Anayenunua dawa ya nyanya asome siku za kungoja kabla ya kuvuna, na asiiweke kamwe katika chupa ya soda. Kwa mboga za majani zinazochumwa kila juma, afadhali usitumie dawa hizo kabisa.

Ndani ya nyumba

Nyumba zetu za mbao zina madirisha madogo, na mmea unakula mwanga. Lakini ndani panafaa kwa kazi moja kubwa: kukuza miche. Kopo, nusu ya chupa ya plastiki, au sanduku la mbao lenye udongo laini, likiwekwa dirishani, linalinda miche na kuku, mbuzi na mvua kubwa. Geuza kopo kila siku, la sivyo mche unainama upande wa mwanga. Siku tano kabla ya kuhamisha, itoe nje saa chache kila siku ili izoee jua. Kitunguu cha majani na seleri vinaweza kukaa dirishani siku zote. Ukinunua kitunguu cha majani sokoni, kata cha kupika na upande mizizi yake.

Wengine wanaogopa kulala na mmea chumbani, wakisema usiku unamaliza hewa. Ni kweli kwamba usiku mmea unapumua kama sisi, lakini hewa unayotumia ni kidogo sana. Mtu mmoja mnayelala naye anatumia nyingi zaidi. Kinachoua usiku ni babula lenye makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake haina rangi wala harufu, na jamaa nzima inaweza kulala isiamke. Toeni babula nje, miche iacheni ndani. Nanyi mnaokaa karibu na mabonde yenye mazuku, msiweke bustani katika shimo au mahali pa chini sana: gesi ile inakaa chini, inaua mnyama, inaua mtoto aliyeinama kupalilia.

Mbegu, jirani, na kanisa

Katika kila gunia acha mmea mmoja bora wa lengalenga uzae. Masuke yakikauka, yakate, yasugue mkononi juu ya kitambaa, peta, anika kivulini, weka katika chupa kavu iliyofungwa. Mmea mmoja unatoa maelfu ya mbegu. Tarehe 27 Mei 2021, ilipotangazwa tuondoke mjini, watu walibeba walichoweza kubeba. Gunia la udongo halikimbii na mtu, lakini chupa ndogo ya mbegu inaingia mfukoni, na inaweza kuanza tena Sake, Minova au Bukavu.

Kabla ya kuweka gunia la kwanza, mwombe ruhusa mwenye nyumba. Mfalme Ahabu, tunakumbuka, alitaka shamba la Nabothi ili alifanye bustani ya mboga, kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake. Tunajua jinsi mambo yalivyoisha. Bustani isivuke mpaka wa mtu. Na mavuno ya kwanza, fungu moja liende kwa jirani. Jirani aliyeonja mboga zako atafukuza mbuzi hata kama hauko nyumbani.

Kwa makanisa ya mtaa, pendekezo letu siyo la gharama. Kikundi cha wamama kinaweza kuwa na kitalu kimoja cha miche katika kiwanja cha kanisa, na rundo moja la mbolea linalolishwa na takataka za jikoni za washirika. Jamaa iliyofika jana kutoka Masisi, isiyo na kitu, ipewe ndoo moja ya udongo ulio tayari na miche mitano. Ndoo ile haimalizi shida yao. Lakini baada ya mwezi mmoja kutakuwa na kitu cha kijani kando ya bugali, na kitakuwa kimekuzwa na mikono yao wenyewe.

Basi msingojee mpate shamba. Juma hili anzeni kutenga maganda ya jikoni, na kusanyeni mawe madogo ya lava. Juma lijalo tafuteni gunia. Mbegu zitakuja nyuma, udongo ukiwa tayari.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.